Betri ya Gari: Tulijuaje Kwamba Inakufa?

Mwaka juzi nilifanya makosa mawili kuhusu betri ya gari. Kwanza nilitupa betri iliyokuwa bado nzima. Halafu, miezi minane baadaye na kwa gari jingine, nikaacha betri mbovu mpaka ikanifia saa kumi alfajiri, siku ambayo mama alikuwa na miadi ya hospitali na mimi ndiye niliyepaswa kumpeleka.

Nianze na lile la kwanza. Gari lilikuwa linawaka kwa kusitasita, leo sawa, kesho "tik-tik-tik" halafu kimya. Fundi wa karibu akafungua boneti, akagusa waya huu na ule, akatikisa kichwa: "Betri imeisha, boss." Nikanunua mpya. Wiki mbili baadaye, tik-tik-tik. Fundi wa pili, mzee mmoja asiye na haraka, hakuitazama betri kabisa. Alifuata waya mweusi mpaka unapofungwa kwenye bodi, akaukuta umeota ukungu wa kijani na mweupe. Akausugua kwa msasa, akaukaza. Gari likawaka kama jipya. Betri yangu ya zamani ilikuwa imeshaondoka na mtu wa vyuma chakavu, kwa bei ya chakula cha mchana.

Sisi tunaoandika programu tunayajua makosa haya mawili vizuri: kengele inayolia bila moto, na moto unaowaka bila kengele. Ukipunguza moja, mara nyingi unaongeza lingine. Baada ya kuumwa na yote mawili nikajiuliza, waliotutangulia walijuaje? Nikaanza kusoma nikidhani nitapata jibu la nusu ukurasa. Nilichokuta ni historia ya zaidi ya miaka 160, na ndani yake jambo moja ambalo sikulitarajia: karibu kila mara betri ilipoboreshwa, dereva alinyang'anywa njia moja ya kujua hali yake.

Betri ya risasi na asidi ni kongwe kuliko gari lenyewe. Ilitengenezwa mwaka 1859 na Mfaransa Gaston Planté, mwanafizikia wa Paris. (Risasi ninayosema hapa ni yale madini mazito ya kijivu, si ile ya bunduki.) Alichukua karatasi mbili za risasi, akaziviringisha pamoja zikiwa zimetenganishwa ili zisigusane, akazitumbukiza kwenye asidi ya salfa. Betri za wakati huo zikiisha zimeisha. Hii ukiirudishia umeme ilijaa tena. Tatizo ni kwamba ili ishike umeme wa kutosha ilibidi kuijaza na kuimaliza mara nyingi sana, kazi ya miezi. Mwaka 1881 Mfaransa mwingine, Camille Faure, alifupisha safari hiyo kwa kupaka mabamba ya risasi uji mzito wa oksidi ya risasi. Betri iliyo chini ya boneti yako leo ni mjukuu wa uji huo.

Mwaka mmoja baadaye, 1882, wanakemia wawili wa Uingereza, John Hall Gladstone na Alfred Tribe, walieleza kinachotokea ndani. Betri inapotoa umeme, salfa inatoka kwenye asidi na kuingia kwenye mabamba yote mawili. Kinachobaki kwenye maji ni asidi nyepesi. Ukiichaji, salfa inarudi majini na asidi inakuwa nzito tena. Jambo hili dogo ndilo lililowapa watu njia ya kwanza ya kuaminika ya kuiuliza betri hali yake. Kama uzito wa asidi unafuata kiasi cha umeme uliobaki, basi huhitaji kuona umeme. Pima uzito wa maji yake.

Na chombo cha kufanya hivyo kilikuwepo tayari. Yeyote aliyekulia sehemu za ng'ombe hapa Kenya amekiona ndugu yake. Mtu wa chama cha ushirika anapotumbukiza kile kijiti cha kioo kwenye maziwa yako kuona kama umeongeza maji, anafanya jambo lile lile. Kikizama sana, kimiminika ni chepesi. Cha betri kinaitwa hidromita: bomba la kioo lenye mpira wa kufyonza juu yake na kijiti kinachoelea ndani. Betri iliyojaa husoma kama 1.265 hadi 1.280, yaani asidi yake ni nzito kuliko maji kwa zaidi ya robo. Ikishuka karibu na 1.120 umeme umekwisha.

Lakini mafundi wa zamani hawakutafuta namba kubwa tu. Walitafuta tofauti. Betri ya volti 12 ni seli sita zilizoungwa kwa mstari, kila moja na kifuniko chake. Kama zote sita zinasoma 1.190, betri ina njaa tu, ichaji. Kama tano zinasoma 1.260 na moja imebaki 1.200, chaji usichaji, hiyo moja inakufa na itawavuta wenzake. Tofauti ya pointi 50 kati ya seli na seli ilitosha kutoa hukumu. Kwa maoni yangu hiki ni moja ya vipimo safi kabisa kuwahi kubuniwa kwenye gari: hakina waya wala programu, na kinatenganisha uchovu na ugonjwa.

Sasa gari. Magari ya mwanzo hayakuwa na haja kubwa ya betri. Uliwasha kwa kuzungusha mpini wa chuma mbele, na injini ikirusha teke ungeweza kuvunjika mkono. Charles Kettering wa Dayton, Ohio, ndiye aliyelibadilisha jambo hili. Kabla ya hapo alikuwa ametengeneza mashine ya kupokelea pesa dukani inayofunguka kwa umeme, na kazi ile ilimfundisha kwamba mota ndogo inaweza kutoa nguvu kubwa mno ikiwa utaihitaji kwa sekunde chache tu. Mwaka 1911 aliileta hoja hiyo kwenye gari, na Cadillac za mwaka 1912 zikauzwa na stata ya umeme. Ford Model T, gari la watu wa kawaida, lilianza kuipata mwaka 1919, tena kwa malipo ya ziada.

Tangu siku hiyo betri ilibeba mzigo mpya. Kabla, ikifa ulikosa taa. Sasa, ikifa hutoki nyumbani. Hata hivyo mpini haukuondoka mara moja. Ulikaa kwa miongo kadhaa kama bima. Land Rover za zamani, zile zilizojaa mashambani na kwenye kazi za serikali, zilikuja na tundu mbele la kuingizia mpini. Mwenye mpini hana sababu ya kuogopa betri. Anaitumia mpaka tone la mwisho, na siku ikikataa anakunja mikono ya shati. Swali la "nibadilishe lini?" halikuwa na makali.

Betri zenyewe pia zilikuwa wazi kwa kila mtu. Boksi lilikuwa la mpira mgumu mweusi, juu limezibwa kwa lami, na vipande vya risasi vilivyounganisha seli na seli vilionekana kwa macho. Fundi alikuwa na uma wa meno mawili wenye mita katikati. Aliuchoma kwenye seli moja, uma ukavuta umeme mwingi kwa sekunde chache, akasoma volti, akahamia ya pili. Seli iliyozimia ilijulikana papo hapo. Na akiijua, hakutupa betri! Aliyeyusha lami, akaing'oa seli hiyo, akaweka mabamba mengine, akaziba tena. Kutengeneza betri ilikuwa kazi ya mtu, kama kushona viatu.

Huku kwetu kulikuwa na chuo kingine cha kupima betri ambacho vitabu vya magari havikisemi. Katika miaka ya 1980 na 1990, nyumba nyingi mashambani zisizo na stima ziliangalia televisheni ya nyeusi na nyeupe kwa betri ya gari. Betri ikiisha ilifungwa kwenye baiskeli ikapelekwa sokoni kwenye duka la kuchaji. Nilitumwa mara nyingi, na hadi leo suruali moja naikumbuka kwa matundu ya asidi. Mwenye duka alikuwa na hidromita yenye mpira uliopasukapasuka. Alifyonza, akainua kioo kwenye mwanga wa mlango, akasema, "Ya tatu imelala. Mwambie babu ajiandae." Babu alikasirika kila mara. Kila mara mzee yule alikuwa sahihi, na betri haikuwahi kumaliza miezi mingi baada ya neno lake.

(Kwa nini hazikudumu? Betri ya gari ina mabamba mengi na membamba, yaliyotengenezwa kutoa umeme mwingi kwa muda mfupi kisha kujazwa mara moja. Kuikamua taratibu usiku kucha mpaka taarifa ya habari ikatike ni kuiua. Paneli ndogo za jua zilipoanza kuenea vijijini miaka ya 1990 ziliwaokoa wengi na safari za baiskeli, lakini si betri zenyewe.)

Turudi kwenye magari, kwa sababu kuanzia hapa mlango unaanza kufungwa.

Miaka ya 1950 magari mengi yalihama kutoka volti 6 kwenda 12. Mwaka 1960 Chrysler walianza kutumia alteneta mahali pa dinamo kwenye Valiant. Dinamo ilikuwa dhaifu injini inapozunguka polepole. Alteneta inachaji hata ukiwa umekwama kwenye foleni ya Mombasa Road. Ni jambo zuri, ila ikumbuke kasoro yake: gari likishawaka, alteneta ndiyo inayobeba taa, redio na kila kitu, na betri mgonjwa anajificha nyuma yake siku nzima. Utamgundua tu siku ukizima.

Mwaka 1967 duka kubwa la Marekani, Sears, lilileta betri ya DieHard yenye boksi la plastiki jembamba badala ya mpira mzito. Viungo vya seli sasa vilipita ndani ya kuta za boksi. Betri ikawa nyepesi, ikapoteza umeme kidogo zaidi, ikawa na nafasi kubwa ya mabamba. Na ule uma wa meno mawili ukakosa mahali pa kuchoma. Seli moja haikuweza kupimwa peke yake kwa volti tena, wala kubadilishwa.

Ikabaki hidromita. Nayo ikapata pigo lake miaka ya 1970. Kwa muda mrefu mabamba yalikuwa yamechanganywa na antimoni ili yawe magumu, na antimoni hufanya maji ya betri yakauke. Ndiyo maana baba zetu walikuwa na chupa ya maji ya betri nyuma ya kiti. Tangu 1935 maabara ya Bell, watu wa simu wa Marekani, walikuwa wameonyesha kwamba kalsiamu kidogo badala ya antimoni inapunguza sana ukaukaji huo. Wazo lilikaa kwenye vituo vya simu kwa zaidi ya miaka thelathini. Lilipoingia kwenye magari, viwanda viliweza kuuza betri isiyohitaji kuongezwa maji, na betri isiyoongezwa maji haihitaji vifuniko. Waliiziba.

Badala ya hidromita walituachia kijicho kidogo juu ya betri, kibichi ikiwa sawa, cheusi ikiwa imeshuka. Wengi wanakiamini kama Maandiko. Ndani yake ni mpira mdogo unaoelea, yaani ni hidromita ya kweli, lakini umo ndani ya seli moja tu. Seli nyingine tano zinaweza kuwa mahututi na kijicho kikakutazama kibichi. Ukikumbuka kwamba siri yote ya mzee wa sokoni ilikuwa kulinganisha seli na seli, utaona tulichopewa ni nusu ya nusu ya kipimo.

Basi dereva akabaki na sikio lake. Stata ikizunguka kwa uvivu asubuhi, "ruuu... ruuu... ruuu", unajua siku zimekaribia. Ishara hii ilitosha watu wengi kwa muda mrefu, na bado inafanya kazi kwa gari la kawaida. Hata hivyo injini zenye kupuliza mafuta kwa kompyuta huwaka baada ya mzunguko mmoja au miwili, kwa hiyo betri dhaifu inafaulu mtihani kila siku kwa sababu mtihani umekuwa mwepesi.

Na gari langu la pili, lile lililomkosesha mama miadi, halina ishara hiyo kabisa. Ni haibridi ndogo kutoka Japani. Injini yake inawashwa na betri kubwa ya volti nyingi. Betri ndogo ya volti 12 iliyo nyuma kwenye buti kazi yake ni kuamsha kompyuta na kufunga swichi zinazounganisha ile kubwa. Haizungushi chochote, kwa hiyo haichoki kwa sauti. Siku moja unabonyeza kitufe, dashibodi inamulika taa zote kama mti wa Krismasi, kisha giza. Umekaa juu ya betri yenye umeme wa kutosha kuwasha injini, lakini hakuna wa kufungua mlango wake. Gari za umeme mtupu nyingi zina betri ndogo ya namna hiyo hiyo. Nilimpigia mama kumwambia nimekwama. Akaniuliza, "Si ulisema gari lako ni la umeme?"

Tuone basi vipimo vilivyokuja kuziba pengo. Cha kwanza ni cha nguvu: unaifunga betri kwenye mzigo mkubwa, unavuta nusu ya ampea zilizoandikwa juu yake kwa sekunde 15, na volti zisishuke chini ya 9.6. Ni kipimo kizuri, lakini kinatoa joto, kinahitaji betri iliyojaa, na kinaiacha imechoka. Cha pili kilitoka kwa Keith Champlin, profesa wa uhandisi wa umeme Chuo Kikuu cha Minnesota, aliyepata hataza yake mwaka 1975. Yeye hakuikamua betri. Aliipitishia umeme mdogo wa kwenda na kurudi na kupima urahisi wa betri kuupitisha. Mabamba yakiliwa na kutu au kufunikwa na salfa ngumu, urahisi huo unapungua. Vile vimashine vinavyoshikwa mkononi na kutoa risiti, "GOOD" au "REPLACE", vimetokana na wazo hili.

Lakini chunga kitu kimoja, na hapa nasema kama mtu anayeandika programu. Mashine ile inalinganisha ilichopima na namba ambayo fundi ameingiza, ile CCA. Ukiingiza namba ya uongo unapata hukumu ya uongo. CCA ni ampea ambazo betri mpya inaweza kutoa kwa sekunde 30 katika baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri, bila kushuka chini ya volti 7.2. Ni namba iliyoandikwa kwa ajili ya mtu wa Minnesota. Isitoshe, betri nyingi zinazokuja ndani ya magari ya Japani hazionyeshi CCA. Zina maandishi kama 55D23L: 55 ni daraja la nguvu, D ni umbo, 23 ni urefu kwa sentimita, L ni upande wa kichwa cha nyaya. Nimemwona fundi akiingiza 55 hiyo kana kwamba ni kipimo chenyewe, na mwingine akikisia 500 "kwa sababu ni N50". Muulize ameingiza nini kabla hujatoa pesa.

Huku kwetu adui si baridi, ni joto. Mafundi na wahandisi wana kanuni ya makadirio kwamba kila joto la betri likipanda nyuzi 8 hadi 10, maisha yake hupungua kwa nusu hivi. Ndiyo maana betri ya Limuru na ya Mombasa zilizonunuliwa siku moja hazizeeki pamoja, na ndiyo maana kutaja miaka bila kutaja mahali hakusaidii sana.

Unaweza kusema, basi tubadilishe mapema, yaishe. Hapo ndipo nakumbuka betri yangu ya kwanza ilivyoondoka kwenye mkokoteni. Ilikwenda wapi? Sijui. Najua tu zilikokwenda nyingine. Katika kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, kulikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kutoa risasi, mpaka kilipofungwa mwaka 2014. Moshi na maji yake viliingia majumbani, watoto wakaumwa. Phyllis Omido, aliyewahi kufanya kazi pale na mtoto wake mwenyewe akapatikana na sumu ya risasi, aliongoza mapambano, akapewa tuzo ya mazingira ya Goldman mwaka 2015. Mwaka 2020 mahakama ya Mombasa iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3, na baada ya rufaa Mahakama ya Juu ikairudisha fidia hiyo Desemba 2024. Kengele inayolia bila moto nayo ina mtu anayeilipia.

Siku hizi nafanya hivi. Betri mpya naibandika plasta na kuandika tarehe kwa kalamu. Kabla ya kuilaumu nasafisha vichwa vyake na kufuata ule waya mweusi mpaka mwisho. Mwaka wa kwanza siisumbui. Kuanzia wa pili naipima kila miezi sita, asubuhi kabla ya kufungua mlango wa gari mara nyingi, kwa multimita ya kawaida: ya kawaida ikijaa husoma kama 12.6, na 12.2 maana yake imebaki nusu. Ikisoma chini naichaji vizuri usiku mzima, kisha naipima tena ikiwa imetulia. Ikishindwa kukaa baada ya hapo ndipo naipeleka kwenye kimashine, nikiwa na namba sahihi mkononi. Ikifeli mara mbili, siku mbili tofauti, nanunua.

Ile ya haibridi ilitimiza miaka miwili mwezi uliopita. Ni ya aina iliyozibwa inayosoma kama 12.8 ikijaa. Jumamosi asubuhi ilisoma 12.6, kimashine kikasema bado nzuri. Nimeandika namba hizo kwenye plasta chini ya tarehe. Miadi ya mama ni tarehe 14, nitaipima tena tarehe 12.